Lita Moja ya Maji ya Butimba

Mtanzania wa mkoani akisikia Butimba hukumbuka gereza, au chuo cha ualimu kilichozipa shule za nchi hii walimu wengi wa muziki, sanaa na michezo. Mtafiti wa samaki aliyeko Leiden au Bern akilisikia jina hilohilo hukumbuka maji. Pana ghuba ndogo hapa, upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria, ambayo tangu mwisho wa miaka ya 1970 imetajwa katika majarida ya sayansi mara nyingi kuliko miji mingi ya kanda hii. Nimekuja kuiona, na kuona jinsi maji yake yanavyoweza kuulizwa maswali kwa njia mpya, yaani kwa kusoma vinasaba vinavyoelea ndani yake.

Kutoka mjini, daladala ya Nyegezi hushika Barabara ya Kenyatta kuelekea kusini. Inapita Igogo, inapita Mkuyuni, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kulia kila nyumba zinapoachana. Konda anaita Butimba, watu wanashuka na ndoo, na madaftari, na mifuko ya dagaa. Vilima vya mawe vimejaa nyumba mpaka kileleni. Anayetaka kujua afya ya maji ya hapa aanze kwa kutazama vilima hivyo, kwa sababu mvua ikinyesha, kila kilichoko juu yake hushuka kwa mitaro mpaka ziwani: udongo, maji ya sabuni, vyoo vilivyojaa. Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji, hufanya kazi hiyo mwaka mzima.

Na maji hayohayo ndiyo yanayonywewa. Chanzo cha maji cha Butimba, mtambo wa mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, ulioanza kazi mwaka 2023, umejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku ili kuupunguzia mzigo ule wa zamani wa Capri Point, ambao jiji lilikuwa limeuzidi kimo. Maji yanavutwa kutoka ziwani, yanatibiwa, yanasukumwa kwenda maeneo ya kusini mwa jiji. Maabara hupima tope, klorini, bakteria wa kinyesi na mengineyo. Vipimo hivyo ni vya lazima na hakuna teknolojia inayokuja kuviondoa. Ila vinajibu swali la mnywaji wa leo: je, maji haya yatanidhuru? Swali la ziwa lenyewe, kwamba nani bado anaishi humo, nani amepungua na nani ameingia bila kualikwa, linaweza kukaa miaka bila kuulizwa.

Swali hilo liliwahi kuulizwa hapa Butimba kwa bidii ambayo sijaisikia penginepo ziwani.

Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilichojulikana kwa kifupi kama HEST, kilianza kufanya kazi na taasisi za uvuvi zilizoko Nyegezi, jirani kabisa na Butimba. Walipanga mstari wa vituo kukata Ghuba ya Mwanza, kutoka Ghuba ya Butimba mpaka Kissenda ng'ambo ya pili, wakawa wanavuta wavu katika vituo vilevile, msimu baada ya msimu. Walichokifuata ni furu. Leo mtu wa mjini anaweza kumwona furu kama samaki mdogo wa miiba asiye na bei, lakini tafiti za nyavu za mwaka 1969 hadi 1971 zilikuta kwamba furu walikuwa asilimia 80 na zaidi ya uzito wa samaki waliovuliwa karibu na sakafu ya ziwa. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1976 Mwanza ilipata kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo. Ndani ya neno furu kulikuwa na aina zinazokadiriwa kufika 500: walao konokono, walao mwani, walao wadudu, wanaomeza vifaranga vya furu wenzao, wanaokula samaki wazima.

Kisha akaja sangara. Aliingizwa ziwani upande wa kaskazini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya kwa muda, na Ghuba ya Mwanza ikamwona kwa wingi wa kutisha kati ya mwaka 1983 na 1986. Wavu uleule, katika vituo vilevile vya Butimba, ukaanza kupanda bila furu. Mwaka 1992 Frans Witte na wenzake walichapisha hesabu yao: aina zipatazo 200 zilikuwa zimetoweka au ziko ukingoni. Tijs Goldschmidt, aliyekuwa mmoja wa kikundi hicho, aliandika kitabu kizima juu ya miaka ile.

Habari ya sangara imeshasimuliwa mara nyingi, na sehemu kubwa ya Mwanza imejengwa kwa fedha zake, kwa hiyo sitamfanya shetani. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba tunajua kilichopotea kwa sababu tu mtu alikuwa na wavu majini kabla ya mabadiliko kuja. Katika ghuba nyingine nyingi za ziwa hili, ambako hapakuwa na mtu wa kuhesabu, hasara ilipita bila kumbukumbu.

*

Kuvuta wavu wa utafiti mwaka mzima ni gharama. Unataka boti, mafuta, mabaharia, mtaalamu wa kumtazama kila samaki meno, na mwisho wa siku unakuwa umewaua samaki uliokuja kuwalinda. Njia ya DNA ya mazingira inapita kando ya hayo yote. Kila kiumbe wa majini hujiacha nyuma kidogo kidogo: ute wa ngozi, magamba, kinyesi, mayai. Ndani ya mabaki hayo mna vinasaba. Ukichota maji, ukayachuja, ukavitoa vinasaba vilivyonaswa, ukavizidisha kwa mashine ya PCR (ileile ambayo wengi walijifunza jina lake wakati wa Uviko) na kuvisoma, unaweza kupata orodha ya waliopita hapo bila kumgusa hata mmoja.

Ufukweni Butimba nilimkuta binti wa shahada ya uzamili akijizoeza kuchukua sampuli, kabla ya kwenda kwenye kazi yake yenyewe. Alikuwa amevaa glovu juu ya glovu. Chupa zake zilikuwa zimelala kwenye jiki usiku kucha, zikasuuzwa mara kadhaa, zikafungwa kila moja ndani ya mfuko wake. Alikaa mbele kabisa ya mtumbwi, akaizamisha chupa ya lita moja hadi kiwiko, mdomo wa chupa ukiutazama upande mtumbwi unakoelekea, ili maji anayoyachota yasiwe yamepita kwanza kwenye mkono wake wala ubavuni mwa chombo ambacho jana kilibeba samaki.

Tuliporudi kivulini aliunga bomba kubwa la sindano na kichujio cha duara, upana wake kama kizibo cha soda. Matundu ya kichujio kile ni sehemu ya 0.45 ya mikroni moja. Jicho halioni chochote. Maji yaliingia yakiwa na rangi ya kijani kibichi, yakatoka meupe. Kabla chupa haijafika nusu bomba likawa gumu, vidole gumba vyake vikabadilika rangi kwa kusukuma. Mwani ulikuwa umeziba.

"Kaka, Kigoma unachuja lita mbili bila kutoka jasho," aliniambia. "Hapa ziwa linakukatalia."

Kukataa huko nako ni kipimo. Mbolea ya mashambani, maji taka ya miji na udongo unaokokotwa na mito vimeulisha mwani wa Ziwa Victoria kwa miongo kadhaa, na Ghuba ya Mwanza, iliyo nyembamba na ya kina kifupi, inaubeba mzigo huo waziwazi.

Alibadilisha kichujio, akaendelea. Mwisho alichukua chupa ya maji yaliyosafishwa, ambayo haikuwahi kugusa ziwa, akaichuja kwa vifaa vilevile na kwa uangalifu uleule. Chupa hiyo ndiyo shahidi. Ikija kuonekana DNA ya sangara ndani yake, basi uchafu umetoka mikononi au mezani, na sampuli zote za siku hiyo haziaminiki. Nimeona tafiti nyingi za mazingira zikisifiwa kwa vifaa vyake. Mimi nilivutiwa zaidi na chupa ile ya maji matupu.

Watanzania wengi wanaijua DNA kupitia kesi za uzazi na za jinai, ambazo vipimo vyake hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Kuitumia kwa maji ni jambo la juzi tu. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba chura mkubwa wa Marekani aliyevamia mabwawa ya nchi yao anaweza kugunduliwa kwa maji ya bwawa peke yake. Marekani wakaichukua njia hiyo kuwawinda samaki wa Asia waliokuwa wakipanda mifereji ya Chicago kuelekea Maziwa Makuu. Uingereza imekubali tangu 2014 kwamba maji ya bwawa yanaweza kutumika kuthibitisha kama salamanda anayelindwa kisheria yumo au hayumo, kabla ya mtu kujenga karibu.

*

Jioni nilikaa na mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akiziba tundu la wavu wa dagaa. Tuliamkiana kwa Kisukuma, kisha nikamweleza nilichokiona. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Hicho kichujio kinaweza kuniambia kama ningu bado yupo?"

Zamani, alisema, mvua zikianza kujaza mito, ningu walipanda mtoni kutaga na watu wakajua msimu umefika. Sasa mwaka unaweza kwisha bila kumwona. Pamoja na ningu alimtaja ngege, yule mwenyeji aliyekuwepo kabla ya sato, naye amekuwa adimu ziwani.

Jibu la swali lake ni ndiyo, na ni swali zuri kuliko aliloweza kujua. Ningu yuko mbali kinasaba na samaki wengine wa ziwa hili. Kipande kifupi cha DNA kinatosha kumtambua. Vivyo hivyo kamongo, gogogo, mbofu, domodomo, dagaa, sangara. Kwa samaki adimu, ambaye wavu unaweza kumkosa mara mia, maji yana nafasi nzuri ya kumkamata, hasa yakichotwa kwenye midomo ya mito wakati wa mvua.

Kwa furu jibu ni gumu, na hapa Butimba ndipo ugumu wenyewe unapoonekana. Mwaka 1990 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Axel Meyer, Thomas Kocher, Allan Wilson na Pereti Basasibwaki, huyo wa mwisho akiwa mtafiti wa uvuvi wa Jinja, Uganda. Walisoma herufi 803 za DNA ya mitokondria kutoka kwa aina 14 za furu wa Ziwa Victoria, samaki wenye maumbo, meno na vyakula tofauti kabisa. Tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo kuliko iliyopo kati ya binadamu na binadamu. Sababu ni umri. Ziwa hili lilikauka na kujaa upya miaka takriban 15,000 iliyopita, na mamia ya aina za furu tunazozijua zilitawanyika ndani ya muda huo mfupi. Mwili umebadilika haraka kuliko herufi zile.

Kwa hiyo lita moja ya maji ya Butimba inaweza kusema kwa uhakika kwamba furu wapo. Ni furu gani, vipande vifupi vinavyotumika kwa kawaida haviwezi kusema.

Ziwa Tanganyika, lenye umri wa mamilioni ya miaka, linatoa picha nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa London wakishirikiana na Chacha Mwita wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha jaribio la DNA ya maji katika pwani za mawe za ziwa hilo. Kwanza walijenga maktaba ya vinasaba vya aina 358 za samaki, kisha wakatengeneza kipimo mahususi kwa jamii ya samaki wanamoingia furu na sato. Maji yaliwataja samaki wengi zaidi wasio wa jamii hiyo kuliko wapiga mbizi walivyoweza. Lakini kwa jamii hiyo yenyewe, jicho la mpiga mbizi bado liliona aina nyingi zaidi. Ninaipenda taarifa hiyo kwa sababu haikuficha pale ilipozidiwa.

Yupo furu mmoja anayeonyesha vizuri kwa nini jicho bado linahitajika hapa. Dume lake ni jekundu mgongoni, huishi kwenye mawe ya visiwa vya ghuba hii, na mwaka 1985 alipewa jina la kisayansi linalomkumbuka Mwalimu Nyerere. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa karibu ni wa bluu. Ole Seehausen na wenzake wameonyesha kwamba jike huchagua dume kwa rangi, na rangi huhitaji mwanga. Kwenye visiwa vyenye maji maangavu, wekundu na bluu ni aina mbili zilizotengana. Kadiri unavyoingia ndani ya Ghuba ya Mwanza ndivyo maji yanavyozidi kuwa mazito, na kufikia kisiwa cha Luanso wamekuwa kundi moja lililochanganyika. Hakuna aliyewavua wakaisha. Tope na mwani vilitosha kuwafanya wasitambuane. Mabadiliko ya namna hiyo kipande kifupi cha mitokondria hakiyaoni kabisa, ingawa ni dalili kubwa ya ugonjwa wa maji.

*

Yapo maswali ambayo kwa Butimba ningeyatanguliza hata kabla ya samaki.

La kwanza ni kichocho. Watoto wanaogelea hapa kila jua linapopanda, kina mama wanafua, na konokono wanaobeba vimelea wanaishi kwenye majani ya ukingoni. Njia ya kawaida ni kuokota konokono, kuwaweka kwenye mwanga na kusubiri vimelea vitoke. Ni kazi ya subira, na konokono wengi hawatoi kitu hata pale maambukizi yapo. Mwaka 2019 watafiti wa Copenhagen na wenzao walionyesha nchini Kenya kwamba maji yenyewe yanaweza kupimwa DNA ya kimelea cha kichocho cha tumbo. Mwaka uliofuata kikundi kingine, kikiwa na Asilatu Shechonge na Benjamin Ngatunga wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kilichapisha vipimo vya aina mbili za kichocho vilivyojaribiwa katika maji ya Tanzania. Kwa ofisi ya afya inayogawa dawa shuleni, kujua ni ufukwe upi bado una vimelea na upi umesafishika kunaweza kubadilisha ratiba nzima.

La pili ni mwani wenye sumu, ambao kwa kweli ni bakteria, sianobakteria. Mwaka 2005 Baraka Sekadende, Thomas Lyimo na Rainer Kurmayer walichapisha ushahidi wa sumu ya mikrosistini, inayoshambulia ini, katika Ghuba ya Mwanza. Utando wa kijani juu ya maji haukuambii kama una sumu. Aina moja inaweza kuwa na jamaa wenye jeni za sumu na wengine wasio nazo, na kwa darubini wanafanana. DNA inaona jeni. Kwenye Ghuba ya Winam, Kisumu, wataalamu wa Kenya na Marekani waliosoma vinasaba vya maji walikuta kwamba jamii iliyotawala sehemu kubwa ya ghuba, Dolichospermum, haikuwa ndiyo iliyobeba jeni za mikrosistini. Jeni hizo zilikuwa kwa Microcystis, iliyoshamiri karibu na midomo ya mito. Kwa mtambo unaovuta maji ya mamia ya maelfu ya watu, taarifa ya kwamba jeni za sumu zinaongezeka kabla utando haujatanda ni onyo la thamani.

Kwa mito midogo kama Mirongo, sitamshauri mtu aanze na DNA. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walishatoa mwaka 2015 mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kutazama wadudu wa chini ya maji, kwa wavu wa mkono na sinia. Wadudu wanaopenda maji safi wakitoweka, mto umeshasema. Njia ya bei nafuu ikitosha, itumike.

*

Siku nyingine nilikwenda mwaloni asubuhi mapema, na hapo nikaelewa tatizo ambalo vitabu vya Ulaya hulipa mstari mmoja. Sangara waliovuliwa mbali wanashushwa, wanapasuliwa, mabondo yanatolewa na kuwekwa pembeni kwa heshima ya bei yake, matumbo yanatupwa, damu inaoshwa kwa ndoo na kurudi ziwani. Dagaa wa maji makuu wanamwagwa kwenye vichanja. Ukichota maji hatua chache kutoka hapo, DNA itakuambia kuna sangara wengi sana, na itakuwa imesema kweli: wapo, kwenye ndoo. Vizimba vya sato vilivyoongezeka ghubani navyo hutoa DNA mchana na usiku, ikimfunika sato wa porini. Maji pia yanatembea, yakiubeba ujumbe wa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Bahati ni kwamba katika maji ya joto, yenye jua na bakteria wengi kama haya, vinasaba huharibika ndani ya siku chache, hivyo habari inayosomwa ni ya karibuni.

Dawa ya tatizo hilo ni mtu anayejua saa za mwalo, upepo unakotoka, na mahali vizimba vilipo. Yaani wavuvi. Mzee yule wa ningu angeweza kupanga vituo vya kuchota maji kuliko ramani yoyote ya setilaiti, na mpango utakaoanza bila watu kama yeye utakuwa unapima makapi ya soko.

Shida ya pili ni umbali wa maabara. Kwa miaka mingi sampuli za ziwa hili zimepanda ndege, na majibu yamerudi kama makala ya Kiingereza baada ya mwanafunzi wa huko kuhitimu. Hali inaanza kubadilika. Mashine ndogo za kusoma vinasaba, za kubebeka mkononi, zilishatumika Tanzania, Uganda na Kenya kugundua virusi vya mihogo shambani, kazi iliyochapishwa mwaka 2019 ikiwa na mtafiti wetu Joseph Ndunguru miongoni mwa waandishi. Mkulima alipata jibu siku hiyohiyo, chini ya mti. Kilichowezekana kwa mhogo kinawezekana kwa maji. Wataalamu nao wapo. Nare Ngoepe, Mary Kishe wa TAFIRI na wenzao walipochapisha mwaka 2023 historia ya samaki wa Ziwa Victoria kwa kusoma meno yaliyohifadhiwa kwenye matope ya chini, walionyesha jinsi ziwa hili linavyoweza kusomwa nyuma mpaka enzi lilipoanza kujaa upya.

Kinachokosekana ni mazoea ya kuchota maji mahali palepale, mwezi baada ya mwezi, na kuhifadhi. Neno hilo la kuhifadhi ndilo lililonifanya niandike. Samaki wa HEST wamekaa kwenye mitungi ya makumbusho ya Naturalis, Leiden, na kila kizazi cha watafiti kinarudi kuwauliza jambo jipya. Furu mmoja mla viumbe vidogo, aliyekaribia kutoweka kisha akarudi katika miaka ya 1990, alilinganishwa na wazee wake wa mitungini ikagundulika kwamba eneo la matamvua yake lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64, ishara ya maji yaliyopungukiwa hewa. Bila mtungi wa zamani, samaki wa leo asingesema lolote. Kichujio cha maji kilichogandishwa vizuri kina sifa hiyohiyo. Leo kinatupa neno furu tu; maktaba ya vinasaba ikikua na njia za kusoma vipande virefu zikiwa nafuu, kichujio hichohicho kinaweza kuja kutupa majina.

Ombi langu kwa MWAUWASA, TAFIRI na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ni dogo kulinganisha na ukubwa wa ziwa: kila mwezi, lita chache zichotwe karibu na chanzo cha Butimba na katika vile vituo vya zamani vya kuelekea Kissenda, zichujwe, vichujio vigandishwe Nyegezi, hapahapa, na majibu yanayohusu kichocho na sumu yabandikwe mwaloni kwa Kiswahili. Na wewe mvuvi au mchuuzi unayesoma, ukikuta kwenye wavu furu usiyemjua, au ningu baada ya miaka, usimtupe wala usimkaange kabla hajaonekana. Mpeleke Nyegezi kwa watu wa uvuvi, uwaambie umempata wapi na saa ngapi. Maktaba ile itajengwa kwa samaki mmoja mmoja, na wengi wao watatoka mikononi mwenu.